Miche Tumehesabu ya Kutosha, Sasa Tuhesabu Maji

Kila mwaka mvua zikianza, vyuoni kwetu kunakuwa na siku ya kupanda miti. Fulana zinachapishwa, mgeni rasmi anaalikwa, mashimo yanakuwa yamechimbwa tangu jana yake, na jioni magrupu yote ya WhatsApp yanajaa picha za watu walioinama wameshika mche. Taarifa inayosomwa mwishoni ina namba moja tu: miche mingapi imepandwa. Na si sisi peke yetu. Halmashauri za wilaya nchini zimepewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kila moja kwa mwaka, na taarifa zao nazo huanza na namba ya miche.

Sina ugomvi na mti. Ugomvi wangu ni na hiyo namba. Haituambii mche umepandwa wapi, ni wa mti gani, wala kama bado uko hai kiangazi kilipofika. Zaidi ya yote, haituambii chochote kuhusu maji. Mimi natokea Kerenge, wilaya ya Korogwe, kwenye bonde la mto Lwengera. Kwetu huko mti, udongo na maji huwezi kuvitenganisha kama mada tatu za mtihani. Ukigusa kimoja, vingine vinatikisika. Hoja yangu ni fupi: tumezoea kuhesabu miche na kaboni tukaacha kuhesabu maji, na anayelipia usahaulifu huo ni mtu wa bondeni.

Bonde lenyewe

Kwa asiyepafahamu: milima ya Usambara imegawanyika, Mashariki na Magharibi, na katikati yake umepita Lwengera. Vijito vinashuka kutoka pande zote mbili, vinaungana bondeni, na mto unateremka kusini mpaka karibu na mji wa Korogwe ambako unaingia mto Pangani. Pangani wenyewe umetoka mbali, Kilimanjaro na Meru, umepitia bwawa la Nyumba ya Mungu, na ukishapokea maji ya Mkomazi na ya Lwengera unakwenda Hale, kwenye mitambo ya umeme ya megawati 21, kisha kwenye mitambo mipya ya Pangani Falls yenye megawati 68, halafu unamwaga Bahari ya Hindi pale mjini Pangani. Ndugu zetu wa Handeni, ambako mito mingi hukauka mvua zikiisha, wanategemea maji yanayosukumwa kwa pampu kutoka mto huo huo wa Pangani.

Maana yake ni kwamba bonde la Pangani ni nyumba moja yenye vyumba vingi. Mtu analima mteremkoni Usambara, tope linafika kwenye mtambo wa umeme. Mwaka 2015 mwezi Oktoba, TANESCO ililazimika kuzima mitambo yake ya maji kwa sababu kina kilikuwa kimeshuka mno. Miaka minne baadaye, Oktoba 2019, Handeni na Korogwe zikapigwa na mafuriko, barabara na madaraja vikaharibika. Mwezi ule ule wa mwaka, mkoa ule ule: mara maji hayapo, mara yamezidi. Watu wengi wakiulizwa sababu husema "mabadiliko ya tabianchi" wakaishia hapo, kana kwamba ni jina la mchawi ambaye hatumjui anakokaa. Angani kuna sababu, ndiyo. Lakini nyingine zipo chini ya miguu yetu, na hizo tunaweza kuzishika.

Lita laki tano zinakwenda wapi?

Hebu tufanye hesabu kidogo. Milimita moja ya mvua ikinyesha kwenye hekta moja ni lita 10,000 za maji. Siku ya masika ikinyesha milimita 50, hekta hiyo imepokea lita laki tano. Swali la msingi la bonde lolote duniani ni hili: lita laki tano hizo zinakwenda wapi, na kwa mwendo gani?

Kwenye msitu, tone linagonga jani kwanza. Sehemu ya maji inabaki juu ya majani na kurudi angani kama mvuke. Yanayobaki yanadondoka polepole kwenye majani makavu, yanapita kwenye mboji, yanafuata njia za mizizi, minyoo na mchwa, yanazama. Yatatokea kwenye chemchemi baada ya wiki, au miezi. Maji anayochota mama Kerenge mwezi wa Septemba ni mvua ya Aprili iliyocheleweshwa njiani.

Kwenye mteremko uliofyekwa, ukachomwa, ukaachwa mtupu, tone linagonga udongo moja kwa moja. Chembe ndogo za udongo zinaruka na kuziba matundu ya juu, ardhi inakuwa kama imepigwa plasta. Maji hayazami, yanakimbia, na yakikimbia yanabeba. Usiku ule ule mto unafurika na rangi yake ni ya chai ya maziwa. Septemba ikifika hakuna kilichohifadhiwa. Mvua ni ile ile, lita ni zile zile. Kilichobadilika ni muda wa kukaa.

Hapa lazima tuwe wakweli, maana wapenzi wa mazingira nao huwa tunatia chumvi. Mti unakunywa maji. Tafiti za mabonde madogo zilizofanywa sehemu nyingi duniani zimeonesha kwamba msitu ukikatwa, jumla ya maji ya mto kwa mwaka mara nyingi huongezeka, kwa sababu mnywaji mkubwa ameondoka. Anayesema "kata mti, mto utakauka" bila maelezo atashindwa hoja siku moja mbele ya mkulima aliyeona mto ukijaa baada ya kufyeka. Kinachopotea ni maji ya kiangazi, pale udongo unapoharibika na kukosa uwezo wa kuyanyonya na kuyatunza. Na mtu hanywi wastani wa mwaka. Anakunywa leo.

Kaboni ndiyo inayolishika hilo tone

Sasa tuingize kaboni, ambayo wengi tulikutana nayo kidato cha tatu au cha nne, kwenye somo la Baiolojia, wakati maji tulifundishwa na mwalimu wa Jiografia. Masomo mawili, walimu wawili, madaftari mawili. Ardhini hakuna ukuta huo.

Jani likitaka kutengeneza chakula linafungua vitundu vyake vidogo, stomata, ili hewa ukaa iingie. Vitundu vikiwa wazi, maji yanatoka. Kwa kila molekuli moja ya hewa ukaa inayoingia, mamia ya molekuli za maji hutoka. Kwa hiyo mti haujengi mwili wake bila kulipa kwa maji, na karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Majani yakidondoka na mizizi ikifa, sehemu ya kaboni hiyo inabaki ardhini kama mboji. Duniani kote, udongo umetunza kaboni nyingi kuliko mimea yote na hewa yote vikijumlishwa.

Mboji ndiyo inayofanya udongo uwe kama sifongo. Inashikanisha chembe za udongo ziwe mabonge madogo yenye nafasi katikati, na maji yanakaa kwenye nafasi hizo. Ukichoma shamba kila mwaka, ukalima kwenye mteremko bila kuzuia mmomonyoko, kaboni inatoka kwa njia mbili: nyingine inapanda kwa moshi na kwa kuoza, nyingine inashuka na tope. Udongo uliopoteza kaboni umepoteza sifongo, na uliopoteza sifongo hautunzi maji. Mizunguko hii miwili inaingiliana kama meno ya gia. Ukivunja jino upande mmoja, upande wa pili nao unakwama.

Na hapa ndipo ninapojibu ile hoja maarufu ya vijiweni: "Sisi tuna viwanda gani? Afrika nzima inatoa karibu asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya viwanda na mafuta duniani. Wachina na Wamarekani waanze." Nakubali kabisa kwamba waanze. Kabla ya enzi za viwanda hewa ilikuwa na sehemu 280 za hewa ukaa katika kila sehemu milioni, na sasa zimepita 420, na si Kerenge iliyozipandisha. Hata tukiacha kukata mti hata mmoja bondeni kwetu, kipimajoto cha dunia hakitatambua. Lakini hoja hiyo inachanganya kaboni mbili. Kaboni ya angani ni ya dunia nzima. Ikizidi, tunagawana hasara wote. Kaboni iliyo kwenye udongo wa Kerenge ni ya Kerenge. Ikitoka, hasara ya maji haingoji mkutano wa kimataifa, na haigawanywi na mtu wa Marekani. Inaonekana kwenye kisima chetu, mwaka huo huo.

Si mkulima aliyeanza

Tukishasema hivyo, kuna watu wataruka haraka kumnyooshea kidole mwanakijiji: mchoma mkaa, mfyeka msitu, asiye na elimu. Naomba tusome historia kidogo.

Wajerumani walipofika Usambara walifyeka misitu kwa ajili ya mashamba ya kahawa. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, ukaenea mabondeni kote Tanga. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, na mwaka huo huo Wajerumani wakaanzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo pale Amani. Baada ya uhuru, katika miaka ya 1970 na 1980, misitu ya Usambara Mashariki ilivunwa kwa mashine kwa ajili ya mbao, na msaada wa mashine hizo ulitoka Finland. Nchi hiyo hiyo baadaye ikasaidia kuhifadhi kilichobaki, hadi Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ikatangazwa mwaka 1997. Wakati haya yanaendelea, watu walikuwa wanaongezeka. Sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, ya 2022 imehesabu milioni 61.7. Bonde halikuongezeka hata hatua moja. Mtu aliyekosa shamba bondeni alipanda mlimani, na mlimani ndiko kwenye chemchemi.

Tena juhudi za kuokoa ardhi zimewahi kufanywa kwa kumbana huyo huyo mkulima. Miaka ya 1950 Waingereza waliwalazimisha wakulima wa Usambara kulima matuta kwenye miteremko. Kitaalamu matuta yana maana, maana yanayapunguza maji mwendo. Lakini yalikuja na amri na faini, yalikula nguvu nyingi za watu, hasa za akina mama, na mkulima hakuona chakula kikiongezeka. Watu waligoma, na mwaka 1957 mpango ulifutwa. Sayansi ilikuwa na hoja, ila ilikuja imevaa kofia ya askari.

Wasambaa wana maneno mawili ambayo mwanahistoria Steven Feierman aliyachambua katika kitabu chake cha mwaka 1990: kubana shi, yaani kuiharibu nchi, na kuzifya shi, kuiponya. Kwa wazee, nchi iliyopona ni ile yenye mvua kwa wakati wake, chakula na amani, na iliyoharibika ni ya ukame na njaa. Angalia jinsi walivyoweka mvua, udongo na utawala kwenye sentensi moja. Sisi tumekuja chuo tukavitenganisha katika idara tatu zisizosalimiana.

Mkaa unalipa kila Ijumaa

Likizo iliyopita nilikaa na mjomba wangu mmoja ambaye huchoma mkaa. Baada ya shikamoo na habari za masomo, nikamuuliza kwa heshima kama haoni mlima unavyobaki kipara. Hakukasirika. Akaniambia: "Mpwa wangu, mahindi yananilipa mara moja kwa mwaka, na hapo mvua iwe imenyesha. Mkaa unanilipa kila Ijumaa. Wewe ada yako ya sekondari unadhani ilitoka kwenye mahindi?"

Sikuwa na jibu la haraka, na sidhani kama semina ya siku mbili ina jibu la haraka. Lakini hesabu yake tuifanye, kwa sababu inatuhusu sisi tunaopika kwenye mageto. Tanuri la kienyeji, lile la kufukia magogo kwa udongo, linabadilisha kati ya asilimia 10 na 20 tu ya uzito wa kuni kuwa mkaa. Gunia la kilo 50 limekula kilo 250 mpaka 500 za kuni kavu. Zaidi ya nusu ya kaboni iliyokuwa kwenye mti huo imeondoka na moshi kabla gunia halijapakiwa kwenye bodaboda. Mwanachuo anayeacha mkaa anakuwa hajaokoa kilo 50. Ameokoa mti mzima. Na anayemlaumu mchomaji huku jiko lake la mkaa linawaka mlangoni anafanya mzaha.

Serikali imezindua mwaka 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia wenye lengo la kufikisha asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Ni lengo zuri. Ila mjomba wangu si mpishi, ni muuzaji. Mtungi wa gesi ukifika mjini bila kipato kingine kufika kijijini, atahamia kwenye mbao, au kufyeka shamba la tangawizi. Kulinda bonde bila kugusa mfuko wa mtu wa mteremkoni ni kurudia matuta ya 1957 kwa jina jipya.

Kaboni ina mnunuzi, maji hayana

Jambo linalonisukuma kuandika sasa ni biashara ya kaboni. Tangu mwaka 2022 nchi yetu ina kanuni za kusimamia biashara hiyo, na kipo Kituo cha Taifa cha Kufuatilia Kaboni pale SUA, Morogoro. Vijiji vya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, vimepata mabilioni ya shilingi kwa kutunza misitu yao, wakajenga madarasa na zahanati. Sipingi. Kama mjomba wangu angeweza kulipwa kwa mti uliosimama, ningekuwa wa kwanza kumpeleka kwenye mkutano.

Lakini kitu chenye bei ndicho kinachohesabiwa, na kinachohesabiwa ndicho kinachotawala maamuzi. Ukitaka kaboni ya haraka, utapanda mti unaokua haraka. Mkaratusi unakua haraka. Ni mti mzuri wa nguzo na kuni, ukipandwa mahali pake. Ukiupanda kwenye chanzo cha maji, unakunywa usiku na mchana kwa mizizi mirefu, na chini yake hapaoti vitu vingi vya kuufunika udongo. Kwenye karatasi ya kaboni umefaulu kwa daraja A. Kwenye daftari la chemchemi umepata sifuri. Msitu wa asili wenye tabaka tatu za mimea unakua polepole na picha yake haipendezi kwenye stetasi, lakini unafanya kazi zote mbili.

Mfano wa kutazama mambo kwa upana upo wilayani kwetu, tena kwenye mkonge. Jani la mkonge likipita kwenye korona, nyuzi zinazopatikana ni karibu asilimia 4 tu ya uzito wake. Kinachobaki ni mabaki na maji machafu. Yakirundikwa na kuoza, yanatoa methani, gesi inayopasha joto dunia kuliko hewa ukaa; yakiachiwa kuingia mtoni, yanakula oksijeni ya samaki. Kwenye shamba la mkonge la Hale, mwishoni mwa miaka ya 2000, ulijengwa mtambo wa kugeuza mabaki hayo kuwa gesi na umeme. Tatizo lilikuwa moja, la maji na la kaboni kwa pamoja, na suluhisho likawa moja. Hiyo ndiyo akili ninayoitaka kwenye miradi ya miti.

Kwa hiyo siku mtu atakapofika kijijini kwenu na mkataba wa kaboni wa miaka mingi, wewe mwenye digrii utaitwa kuusoma. Uliza bei, ndiyo. Uliza mgawo wa kijiji. Kisha uliza: ni mti gani, utapandwa umbali gani kutoka kwenye chemchemi, na nani atapima maji ya kiangazi kabla na baada? Kama hakuna kifungu cha maji, mkataba huo haujaisha kuandikwa.

Sheria ya mita 60

Wengine watasema sheria ipo. Ipo kweli. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka bodi za mabonde na jumuiya za watumia maji. Bodi ya bonde letu ina makao yake Moshi.

Tatizo ni kwamba kwa familia yenye kipande chembamba kando ya kijito, mita 60 zinaweza kuwa shamba lote. Ukimwambia aondoke bila kumwonesha pa kwenda, atalima usiku. Ukimwambia aache majani yafunike udongo, apande mstari wa magugu ya malisho ukingoni, aongeze miti ya matunda na mazao yasiyohitaji kufyekwa kila msimu pale juu kidogo, umempa kitu cha kufanya. Kule Lushoto, mradi wa kuzuia mmomonyoko ulioanza miaka ya 1980 kwa msaada wa Wajerumani uliwafundisha wakulima kupanda majani ya malisho kwenye kontua, na ng'ombe wa ndani akala majani hayo hayo. Mkulima aliona maziwa, na udongo ukabaki. Hiyo ndiyo tofauti kati ya amri na faida.

Tunaokwenda kufundisha

Mimi nasomea ualimu, na wengi wenu pia. Mchoro wa mzunguko wa maji tuliochora wote una bahari, jua, wingu, mlima na mishale. Jambo moja halipo kwenye mchoro ule: mtu. Hakuna shamba, hakuna tanuri la mkaa, hakuna pampu, hakuna korona. Mtoto wa Kerenge anachora mlima usio na jina na kupata tiki, wakati akigeuza shingo dirishani anaiona Usambara yenyewe.

Mtaala mpya umeanza kutumika Januari 2024 na unasisitiza umahiri, yaani mwanafunzi afanye, si akariri. Basi tuufanye kweli. Hakuna maabara inayohitajika. Kata chupa tatu za plastiki: moja weka udongo mtupu, ya pili udongo wenye majani makavu juu, ya tatu udongo ulioota nyasi. Mwaga maji sawa, kinga yanayotoka. Rangi ya maji itamaliza mjadala kabla mwalimu hajafungua mdomo.

Kisha wapeleke kwenye chemchemi na ndoo ya lita 20 na simu yenye saa. Ndoo ikijaa kwa sekunde 20, chemchemi inatoa lita moja kwa sekunde, sawa na lita 86,400 kwa siku. Waandike. Warudi mwezi unaofuata, waandike tena. Baada ya mwaka shule ina kitu ambacho kijiji hakijawahi kuwa nacho: kumbukumbu ya maji yake yenyewe. Siku kijiji kinapojadili kufyeka au kupanda juu ya chanzo kile, mtoto wa darasa la sita atakuja na daftari. Mabishano ya "zamani maji yalikuwa mengi" na "hapana, ni mvua tu" yatapata hakimu.

Ninachoomba kwa Serikali ya Wanafunzi

Naleta maombi matatu, na hakuna hata moja linalohitaji kuongezewa bumu.

La kwanza: kwenye siku ya kupanda miti inayokuja, taarifa isisomwe siku hiyo. Isomwe mwezi wa Oktoba, na iseme ni miche mingapi iliyo hai, ya aina gani, na iko wapi. Tukipanda mia mbili ikapona mia na hamsini, tumefanya kazi kuliko waliopanda elfu tano kwa ajili ya picha.

La pili: tuchague kijito kimoja au chemchemi moja karibu na chuo, tuitunze kwa miaka, si kwa siku. Wa Jiografia wapime maji, wa Baiolojia wapime mboji na mimea, wa Sheria wasome mipaka na haki za wanaolima pale, wa Biashara wakae na wanakijiji watafute kipato kinachoweza kushindana na gunia la mkaa. Kila mwaka wa tatu wakimaliza, wawakabidhi daftari wa mwaka wa kwanza.

La tatu: kila mwalimu mwanafunzi anayekwenda mazoezi ya kufundisha aanzishe daftari la mvua na chemchemi kwenye shule aliyopangiwa, na aliache mikononi mwa mwalimu mwenyeji. Tunatawanyika nchi nzima kila mwaka, kutoka Handeni hadi Kigoma. Hakuna wizara inayoweza kutuma vijana wengi namna hii mabondeni kwa gharama ndogo kama hii.

Mimi mazoezi yangu yajayo nimeomba kupangiwa Korogwe. Nikikubaliwa, ndoo ninayo, daftari nitanunua, na wanafunzi wangu wa kwanza nitawauliza swali lile lile: masika haya, lita laki tano zetu zimekwenda wapi? Mwenye swali lake la bonde la kwao alilete kwenye toleo lijalo tulinganishe namba.